Wasomaji Wauliza: Dansi la alasiri kwa waliovuka sitini

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Kila mwandishi ana lake, lakini ukiziweka pamoja zinauliza kitu kilekile: wazee wa mtaa mmoja wanataka kukutana, wasikilize miziki yao, wacheze kidogo, na Jumamosi inayofuata wawe na hamu na nguvu ya kurudi. Barua tumezifupisha.

*Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 66, naishi Mafinga. Majirani tuko kama 14, wengi wa rika langu, wawili wamevuka 80. Tulijaribu dansi uani kwangu mara moja. Kufikia wimbo wa nne nusu walikuwa wameshakaa, na wiki iliyofuata walikuja watano tu. Tufanyeje?*

Shikamoo mwalimu. Bila kuwaona tunaweza kukisia: mlianza na nyimbo zilizochangamka, mkaziacha zipige mfululizo mpaka mwisho. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Wimbo wa dansi wa zamani una sehemu mbili. Mwanzoni mwimbaji anatoa kisa chake taratibu, magitaa yanamsindikiza. Halafu linaingia chemko: maneno yanapungua, gitaa la solo linashika kasi, tarumbeta zinajibizana, na kila mtu anajua kazi imeanza. Enzi hizo vijana walikaa vitini wakilisubiri chemko. Katika umri wenu geuzeni mambo. Sehemu ya kwanza ndiyo ya kuchezea. Chemko likifika, mwenye pumzi aendelee kwa hatua fupi, wengine wayumbe papo hapo wakipiga makofi, au wakae bila aibu. Mkikubaliana hivyo kabla, anayekaa haonekani ameshindwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kutorudi. Uchovu wenyewe hauwafukuzi.

Ratiba inayofaa haizidi saa moja na nusu. Anzeni saa 9:30 alasiri. Dakika 10 za kwanza watu wanasalimiana huku muziki wa polepole ukipiga, na wanatembea kuzunguka ua, mikono ikining'inia, mabega yakizunguka. Kisha nyimbo mbili za kucheza na mmoja wa kukaa, mara nne. Kwa nyimbo za wastani wa dakika 5 hiyo ni saa nzima, lakini kucheza kwenyewe ni dakika 40 tu. Mwisho dakika 15 za chai na kuimba mmekaa. Saa 11 kasoro dakika chache mmemaliza, jua bado lipo, kila mtu anaona njia ya kwao. Wakiomba wimbo mmoja zaidi, msiwape. Wataudai wiki ijayo.

Kasi ya wimbo pimeni kabla ya siku yenyewe. Hesabu mapigo ya mguu wako kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata kati ya 90 na 115, huo ni wa kuchezea. Ukizidi 120 uweke kwenye fungu la makofi. Na mnapocheza, kipimo ni mdomo: mtu aweze kuongea na mwenzake sentensi nzima. Akilazimika kuvuta pumzi kila baada ya neno, apunguze. Hili liangalieni zaidi kwa mgeni aliyepanda jana kutoka Kyela au Dar es Salaam. Huku juu hewa ni nyepesi, na wimbo ambao kwenu ni mwepesi yeye utamwacha anahema.

Nyimbo zichaguliwe kwa umri wa watu, kwa sababu miziki inayomwamsha mtu ni ile aliyoisikia kati ya miaka 15 na 25 hivi. Aliye na 66 alikuwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980: huyo mpe Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe, Orchestra Maquis, Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Wale wawili waliovuka 80 walikuwa vijana wakati NUTA Jazz inaanzishwa mwaka 1964, na bado wanamkumbuka Salum Abdallah wa Cuban Marimba. Msipowawekea zao wataishia kuwa watazamaji. Watu wa Iringa wana Tancut Almasi, bendi iliyotamba kutoka mkoani kwenu. Ni kosa kuwa na dansi Mafinga bila kuipiga hata mara moja.

Nafasi: kila mchezaji anahitaji kama mita 2 kwa 2. Watu 14 wataenea kwenye ua wa mita 7 kwa 8. Viti viwe vingi kuliko watu, vyenye egemeo, vimepangwa pande mbili ili mtu akichoka asivuke ua mzima kutafuta pa kukaa. Viti vya plastiki vilivyochoka miguu viondoeni kabisa. Mzee hukaa kwa kujiachia, na kiti hicho hufunguka miguu papo hapo.

Kuhusu hali ya hewa ninyi mnajua kuliko sisi, ila moja: Juni na Julai jasho la dansi hugeuka baridi ndani ya dakika chache. Sweta livuliwe kwenye wimbo wa pili, livaliwe mara tu mtu anapokaa, kabla hajaanza kusikia baridi. Kuanzia Novemba mvua za alasiri zikishika, hamieni asubuhi saa 4.

*Mimi ni mama wa Uyole, miaka 63. Napenda sana tuisti tangu ujana. Sasa goti la kulia linauma kila nikicheza, na mwanangu ananiambia niache kabisa. Niache?*

Mama, acha tuisti, usiache kucheza. Goti lililochakaa hukakamaa zaidi linapokaa bila kazi, na misuli ya paja inayolishikilia hupungua. Mwanao ana nia njema, lakini kiti hakitalitibu goti.

Tuisti inaumiza kwa sababu maalumu. Uzito wote uko juu ya mguu, goti limekunjwa, unyayo umenata chini, halafu paja linazungushwa. Goti ni bawaba. Limeumbwa kukunja na kukunjua, si kusokota. Kama umevaa raba yenye soli inayong'ang'ania na unacheza kwenye sementi, msokoto wote unaishia gotini. Kijana anavumilia. Gegedu la miaka 63 linalalamika.

Badala yake fanya hivi. Hatua ya pembeni kulia, lete mguu wa kushoto, hatua tena kulia, gusa kwa kidole cha kushoto. Hesabu moja, mbili, tatu, gusa. Rudi kushoto vivyo hivyo. Hatua isizidi urefu wa unyayo wako mwenyewe. Magoti yalegezwe kidogo, yasikunjwe. Kiuno na mabega ndivyo vibebe mbwembwe. Mtu anayejua rumba anatambulika kiunoni, miguu yake haina haraka. Ukitaka kugeuka, usigeukie kwenye unyayo: inua kisigino, tembea hatua nne ndogo hadi uangalie upande mwingine.

Viatu: soli nyembamba inayoteleza kidogo, imefunga kisigino. Ndala zinachomoka. Yeboyebo kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji ni ajali inayosubiri. Ua wa udongo unyunyizieni maji kidogo saa moja kabla ili vumbi litulie, mfagie kokoto. Mkimwaga ndoo nzima mtapata utelezi, udongo wa huku mnaufahamu.

Kipimo cha kujua umezidisha ni asubuhi ya pili. Maumivu madogo yanayoisha usiku ni ya kawaida. Yakiwa bado yapo baada ya saa 24, au goti likivimba, wiki ijayo punguza nyimbo mbili. Likivimba na kupata joto, au likikufyatukia ghafla, nenda hospitali. Na siku zisizo za dansi, simama na kukaa kwenye kiti mara 8 bila kusukuma kwa mikono, pumzika, rudia. Kisha ukishika meza ya jikoni simama kwa mguu mmoja sekunde 10, badilisha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya aina hiyo, ya nguvu na ya kutoyumba, siku 3 au zaidi kwa wiki, juu ya dakika 150 za shughuli ya wastani. Dansi la Jumamosi la dakika 40 ni zaidi ya robo ya hizo 150.

*Ndaga mhariri. Huku kwetu Tukuyu tunataka kufanya kama hayo ya wazee kukutana, lakini mtaa wetu umeoleana sana. Utakuta baba mkwe na mke wa mwanawe uani pamoja. Wazee wengine wanasema dansi ni kuvunja heshima. Wengine ni wa kanisani, hawataki nyimbo za dunia. Tutawapangaje?*

Ndaga fijo. Wazee hao wana hoja, na anayeandaa shughuli Unyakyusani bila kuwasikiliza ataandaa mara moja tu. Kwa mila, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mzee wa miaka 75 alilelewa ndani ya heshima hiyo, na hataifuta kwa sababu ya gitaa.

Kinachovunja heshima ni kushikana na kuelekeana, na hayo mawili si lazima yawepo. Kucheza wawili wawili kulikuja na kumbi za mijini. Ngoma za pande hizi zilikuwa na mipango yake: mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanaume huucheza kwa safu zilizonyooka kama gwaride, kioda ni ya akina mama peke yao, ling'oma nayo ina nidhamu yake. Chukueni umbo hilo mlitie muziki wowote. Safu mbili au tatu, wote wanaangalia upande mmoja, kule spika iliko. Akina mama safu za mbele, akina baba nyuma, mita 3 katikati. Hakuna anayemwangalia mwenziwe usoni.

Kama hata hilo ni zito, tumieni mtangazaji. Mtu mmoja mcheshi anasimama kando, anatangaza "huu wa akina mama", wanacheza, akina baba wanapiga makofi wamekaa upande wa pili. Halafu zamu inageuka. Faida yake ya pembeni ni kwamba kila kundi linapumzika wimbo mmoja kwa kila mmoja bila kuambiwa. Viti vya wakwe vipangwe kwa siri na mama mwenye nyumba kabla watu hawajafika; kila mtu akute pake pameshakaa sawa, pasiwe na kuhamishana hadharani. Na njia ya kwenda jikoni isipite mbele ya viti vya akina baba, maana huko ndiko wakwe hukutana na sahani mkononi.

Hao wa kanisani wapeni theluthi ya kwanza ya alasiri: nyimbo za kwaya, na kama kuna mzee aliyepiga tarumbeta Moraviani, mwambieni aje nalo. Zikianza za dansi wabaki wakitaka, waende wakitaka. Kosa ni kuchanganya, wimbo mmoja wa Bwana mmoja wa bolingo. Kila upande utajiona umechokozwa.

*Niko Ipogolo, Iringa. Muziki wetu ni wa saa moja na nusu tu mchana, lakini jirani mwenye mtoto mchanga amelalamika kwa mwenyekiti wa mtaa. Sabufa ni ndogo, hatufungulii sana. Na bado nusu ya wazee wanasema hawasikii maneno.*

Kamwene. Malalamiko hayo mawili yana chanzo kimoja: besi imezidi.

Sauti nzito hupita ukuta wa tofali na bati kama haupo. Sauti nyembamba huzuiwa. Kwa hiyo jirani hasikii wimbo, anasikia dunda dunda tu, na hiyo ndiyo inayomwamsha mtoto. Wakati huohuo masikio ya mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s, f, t na sh. Kwake wimbo umebaki mngurumo. Mkiongeza sauti mnaongeza mngurumo.

Shusheni besi mpaka karibu na sifuri, pandisheni kile kitufe cha sauti nyembamba kupita nusu. Sabufa msiiweke chini kwenye kona. Sakafu na kuta mbili zinaikuza besi. Iwekeni juu ya stuli, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, mita moja kutoka ukutani, mgongo wake uelekee kwa jirani. Wenye masikio mazito wakae mita 2 hadi 3 mbele yake, wanaopenda kupiga soga wakae mbali. Watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja waweze kuongea bila kupaza sauti. Wakilazimika kupaza, shusheni.

Na nendeni wawili, akina mama, mkamuulize yule mzazi mtoto analala saa ngapi. Msogeze ratiba nusu saa. Mchukulieni na chai. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa ya siku na saa mapema. Ndiye atakayewatetea likizuka jingine.

*Mzee wa Njombe hapa. Tunazo ngoma zetu za ngozi, hatutaki spika. Lakini Julai zinalia kama mtungi uliopasuka. Tukizianika juani mbili zimechomoka mambo, vile vijiti vinavyoshikilia ngozi. Tufanyeje?*

Heri ninyi wenye ngoma. Ngozi hunyonya unyevu wa ukungu, inalegea, sauti inashuka. Dawa ni kukanza kwa moto, si jua. Jua la mchana huikausha ngozi kupita kiasi, ngozi inavuta, mambo zinang'oka, na mti wenyewe unaweza kupata ufa.

Washeni moto mdogo wa magunzi na nyasi kavu, usio na moshi mwingi. Shikilieni uso wa ngoma uelekee moto kwa umbali wa urefu wa mkono. Izungusheni pole pole, kila robo dakika igeuzwe kidogo, maana upande mmoja ukipata moto zaidi ngoma itatoa sauti mbili. Kila baada ya dakika moja igongwe kwa vidole, katikati kisha pembeni. Sauti itapanda hatua kwa hatua; ikiacha kupanda, ondoa. Anayeendelea hapo anatafuta mpasuko. Ngozi ikikushinda kuigusa kwa kiganja umeshazidisha. Katika baridi ya Julai mtarudia kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo, hivyo panga ngoma mbili ziwe zinapokezana: moja inalia, nyingine iko motoni.

Msipake mafuta kila mara. Mafuta huilainisha ngozi, na ngozi laini hailii. Kidogo sana mara moja kwa mwaka inatosha, wakati wa kiangazi. Kuhifadhi: juu darini jikoni, penye joto na moshi kiasi, mbali na sakafu ya sementi. Kuifunga kwenye mfuko wa plastiki ni kuipikia ukungu.

Zile zilizochomoka ziwambwe upya. Ngozi ya mbuzi kwa ndogo, ya ng'ombe kwa kubwa. Ilowekwe usiku kucha mpaka ikunjike kama kitambaa kizito, ivutwe ikiwa mbichi, mambo zigongwe kwa kukabiliana: moja huku, inayofuata ng'ambo yake, kama mnavyokaza nati za gurudumu. Ikauke kivulini siku 4 au 5. Kwa Njombe ya Julai hesabuni wiki. Msiipige kabla, hata kwa kujaribu, maana ngozi mbichi ikipigwa hutanuka na hairudi.

Mpigaji mzee asichuchumae. Ngoma ifungwe kwenye stuli au iegemezwe kwenye kigogo, yeye akae kitini, viwiko vikiwa chini ya mabega. Na kama hapo jirani kuna Mhehe anayejua ligombo, kile chombo chao cha nyuzi, mwiteni. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi, ligombo ni miongoni mwa vyombo alivyovinasa, na wapigaji wake leo ni wa kuhesabu.

*Nina kaseti karibu 40 za miaka ya themanini, niko Mbeya mjini. Nataka ziingie kwenye flashi tuzipige kwenye kikundi. Redio imeshakula mbili. Nifanyeje nisipoteze zilizobaki?*

Simamisha kwanza, mzee. Usitie kaseti nyingine kwenye redio hiyo.

Angalia kila kanda kwenye kidirisha chake. Ukiona vumbi jeupe kando ya utepe, ni ukungu wa unyevu. Hiyo weka pembeni, itaambukiza mashine. Zilizo safi, chomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la meno uzungushe. Ikizunguka laini, nzuri. Ikikaza, igonge kiganjani ikiwa imelala, mara nne au tano, uijaribu tena. Tabaka za utepe huwa zimeshikana. Kisha vunja vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti, ili hata ukibonyeza kurekodi kwa makosa isifute.

Redio iliyokula kanda ina kipira kidogo cheusi kinachosukuma utepe. Kimechafuka, kinanata, kinauvuta utepe kwake. Safisha kipira hicho, kile kijiti cha chuma kinachokigusa, na kichwa cha kusomea kwa pamba iliyolowa spiriti. Mafuta ya taa hapana, yanaivimbisha mpira. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Rudia kila baada ya kaseti 5. Kama wimbo unaburuzika kama mwimbaji ana usingizi, mkanda wa mpira ulio ndani umelegea; fundi redio anaubadilisha.

Sasa chukua waya wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili, kutoka tundu la hedifoni la redio hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Sauti ya redio iwe chini ya nusu. Ukiizidisha, wimbo utaingia umekwaruzika, na mkwaruzo huo hautoki tena. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Kaseti ya C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45; hakuna njia ya mkato, itapiga muda wake wote. Rekodi kwanza kwa WAV, kama megabaiti 10 kwa dakika, uihifadhi kwenye kompyuta kama akiba. Nakala ya kikundi itoe kwa MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde: saa nzima inakuwa kama megabaiti 86, hivyo kaseti zako 40 zinaenea kwenye flashi ya GB 8 na nafasi inabaki.

Zile zilizoliwa, kama utepe umejikunja tu, unyooshe kwa vidole vikavu na uurudishe kwa kalamu. Kama umekatika, kata ncha zote mbili sawasawa, ziunganishe kwa kipande chembamba cha selotepu upande usiogusa kichwa. Irekodi mara moja, halafu isipigwe tena, kwa kuwa gundi ya selotepu huvuja na kunata.

Majina ya nyimbo yaandike siku hiyohiyo. Ukisema utafanya baadaye utabaki na "Wimbo 1" hadi "Wimbo 400".

*Makambako. Bila ulanzi watu wetu hawachezi. Je, kikombe kimoja kina ubaya?*

Tatizo la ulanzi, pombe ya mianzi, ni kwamba hauna kipimo. Uliogemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu. Jioni uleule umeshakuwa mkangafu, na kikombe ni kilekile. Mzee anayetumia dawa ya presha akinywa kisha akageuka kwa kasi, damu haifiki kichwani kwa wakati, anaanguka, na nyonga iliyovunjika katika umri huo ni msiba wa muda mrefu. Wenye kisukari wasidanganyike na mtogwa, utamu wake ni sukari.

Dansi kwanza, ulanzi baadaye, wa kukaa. Wakati wa dansi wekeni togwa ya nafaka (si mtogwa wa ulanzi) na chai ya tangawizi. Wakigoma kucheza wakavu, basi tatizo lenu ni uchaguzi wa nyimbo. Rudini kwenye barua ya Mafinga. Ushauri huu ni uleule kwa pombe za nafaka, komoni na kimpumu.

*Nina presha na kisukari, nameza vidonge kila siku. Niruhusiwe? Tunduma.*

Ruhusa ipate kwa aliyekuandikia dawa, kwenye kliniki yako ijayo. Ya kuzingatia uani ni haya. Ikiwa umepimwa siku hiyo na presha ni 180 kwa 110 au zaidi, hakuna dansi, nenda kituo cha afya. Usiruke dawa ili "uwe mwepesi". Ukitoka kitini, kaa ukingoni kwanza, pigapiga nyayo mara 10, ndipo usimame. Kama unatumia insulini au glibenklamidi, kula kabla: kiazi, ndizi au kande saa moja na nusu kabla ya kuanza. Ukitokwa jasho la baridi, ukitetemeka, ukipata njaa ya ghafla au maneno yakipotea, ni sukari imeshuka: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, kama bado rudia, halafu ule. Mwambie jirani mmoja uliye naye kikundini, maana sukari ikishuka mwenyewe utakuwa wa mwisho kujua. Maumivu ya kifua, acha papo hapo na upelekwe hospitali.

*Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia, na maneno hayatoki. Zamani alikuwa mchezaji sana. Majirani wanamwalika lakini mimi naona nitamtia simanzi. Vwawa.*

Mpeleke, mama. Akae kwenye kiti kizito chenye mikono, nyayo zote zikigusa chini. Kama kiti ni kirefu weka tofali lililofunikwa na gunia. Wewe au jirani akae upande wake wa kulia, ule dhaifu, ili asilalie huko na asisahaulike huko. Mkono wa kushoto mpe manyanga. Wa kulia uwekwe juu ya paja lake, na kwenye nyimbo za polepole uushike kwa kiganja na kiwiko, uutembeze na mapigo. Usiuvute kutoka kwenye vidole wala kuunyanyua juu ya bega. Bega la aliyepooza huteguka kirahisi. Nyimbo mbili, apumzike mbili.

Kuhusu maneno: kuimba na kuongea havitumii njia moja ndani ya ubongo, na watu wengi ambao kiharusi kimewafunga ulimi huweza kutoa maneno ya wimbo wanaoujua tangu ujana, wakati sentensi ya kawaida inawashinda. Chagua wimbo mmoja alioupenda sana. Kaa mbele yake aone midomo yako, gonga mapigo kwenye mkono wake wa kushoto, mwimbie ubeti taratibu kuliko kwenye kanda, na neno la mwisho la mstari liache wazi. Usimsaidie haraka. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Lisipotoka, limalizie wewe, uende mstari unaofuata.